Mwiteni Mama Gervas

Msimu wa korosho ulikuwa umeanza Lupaso. Mwaka ule wanunuzi binafsi walipita vijijini na magari yao, na kila nyumba ilitaka kuokota mapema kabla ya mvua. Yuliana aliokota peke yake. Msimu uliopita aliokota na mwanawe wa pekee, Gervas, ambaye alikula mabibo mengi kuliko korosho alizotia kwenye ndoo. Gervas alikufa kwa malaria wakati mikorosho inatoa maua.

Njiani Yuliana alikutana na Isabela, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa.

"Habari za asubuhi, dada Yuliana."

"Nzuri, Mama Vitalis."

Dada Yuliana! Hilo ndilo lililomkera. Tangu amzae Gervas, nani Lupaso nzima alimwita Yuliana? Hata mama mkwe wake alimwita Mama Gervas. Lakini baada ya mazishi, wanawake wa jumuiya walikubaliana wasilitaje jina la mtoto, eti wasimtoneshe kidonda. Akianza kusimulia habari za mwanawe, wanamkatiza: "Yaache hayo, ni mapenzi ya Mungu." Basi Yuliana akachoka nao. Aliacha kwenda jumuiya, na alikuwa karibu kuliacha kanisa lenyewe.

Jioni ile alikuja jirani yake, Bibi Helena, mama mtu mzima aliyewahi kuhudumia wagonjwa hospitalini kule Ndanda.

"Hodi, Mama Gervas."

Yuliana aliweka ungo chini akalia. Bibi Helena hakumwambia anyamaze. Aliketi mkekani, akasubiri.

"Shikamoo, bibi," Yuliana alisema hatimaye.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisimulie. Gervas alikuwaje?"

Yuliana akasimulia. Alileta na shati la mtoto, lenye madoa ya mabibo yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Akajikuta anacheka.

"Kwa nini wenzangu hawaulizi?"

"Wanaogopa. Wanadhani wakilitaja jina wataongeza uchungu. Uchungu upo tu, mama. Ukimnyamazisha mfiwa, unamwacha nao peke yake. Yesu alipofika kwenye msiba wa Lazaro, hakuwakataza dada zake kulia. Aliuliza alikozikwa, naye akatoa machozi. Kisha akamwita Lazaro kwa jina lake, kwa sauti kubwa. Sisi nani alitufundisha kunong'ona?"

"Na wewe, bibi, mbona tunakuita Helena?"

Bibi Helena alilikunja lile shati polepole.

"Mwanangu aliitwa Stefano. Alikufa kabla wewe hujaolewa hapa. Waliniondolea jina kwa huruma hiyohiyo, nami nikanyamaza. Wewe usinyamaze."

Jumuiya ilipokutana tena uani kwa Isabela, Yuliana alikwenda pamoja na Bibi Helena. Isabela alifurahi kumwona.

"Sala ya kufunga ataongoza dada Yuliana."

Yuliana hakusimama.

"Dada Yuliana, hujasikia?"

"Nimesikia. Mimi ni Mama Gervas. Nilimbeba, nikamnyonyesha, nikamzika. Mnataka nimzike mara ya pili? Mkitaka kunifariji, mtajeni mwanangu. Nikilia, kaeni nami. Korosho zangu zinaoza shambani, anayenipenda aje tuokote. Lakini jina langu siliachi."

Isabela alikuwa na aibu.

"Tulidhani tunakuponya," alisema.

"Mlikuwa mnamfuta mwanangu."

"Basi tusamehe. Tuongoze, Mama Gervas."

"Bado. Huyu mnayemwita Bibi Helena ni Mama Stefano. Naye mwiteni."

Bibi Helena alijifunika uso kwa kanga. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Walikaa naye mpaka alipotulia, ndipo Yuliana akasimama akaongoza sala. Aliwataja watoto wote wawili.

Kesho yake wanawake walifika shambani kwa Yuliana na ndoo zao. Isabela alisimulia jinsi Gervas alivyomwibia mabibo, akakimbia na kusahau kandambili zake chini ya mkorosho. Yuliana alicheka, akalia, kisha akaendelea kuokota. Hakuna aliyebadilisha mazungumzo.

Jua lilipokuwa kali, Isabela aliita kutoka upande wa pili wa shamba.

"Mama Stefano, njoo huku kwenye kivuli."

Mwanamke mzee aliendelea kuokota. Hakuwa amezoea. Isabela akaita tena, kwa sauti zaidi.

Mzee aliinua kichwa, akanyoosha mgongo.

"Abee," akaitika.