Alinitoa Kaburini kwa Baba

"Toka humo kaburini."

Nilikuwa nimeshashuka, miguu kwenye udongo mbichi, mikono juu nimpokee baba yangu, Abdillah. Baba mdogo Lukmani akanikwida kola, akanivuta nje mbele ya watu wote wa Nsemulwa.

"Anayempokea kaka yangu ni damu yake. Wewe hiyo sura mama yako kaitoa Katumba, kwa wakimbizi wa Burundi."

Akashuka yeye.

Ilikuwa mwaka tisini na nane. Arobaini haijafika, Lukmani akatufukuza nyumbani. Mama yangu, Sikuzani, akaishia kuuza maandazi stendi, na wanawake wenzake wakimteta...

Jamani, mimi sikusahau. Nilikua na ile chuki, nikaoa nayo.

Miaka ikaenda. Vikaja vipimo vya DNA, unatema mate kwenye kichupa, simu inakuonyesha ndugu zako wa damu. Binti wa shangazi Zuhra, anayeishi Uingereza, akatuletea. Shangazi ndiye dada mkubwa wa marehemu baba na Lukmani. Akatema, nami nikatema.

Siku ya Idi nikamchokoza Lukmani.

"Baba mdogo, unaogopa?"

"Niogope nini? Lete hicho kichupa. Tuone nani ataumbuka."

Majibu yakaja. Mimi na shangazi, damu moja kabisa! Nililia kama mtoto.

Nikamtafuta Lukmani kwenye orodha za ndugu. Hayupo kwangu. Hayupo kwa shangazi. Waliolingana naye walikuwa Warundi tusiowajua, wengi wako Marekani. Wa karibu zaidi anaitwa Révérien, na ameandika kazaliwa Katumba.

"Shangazi, hii nini?"

Akainamisha kichwa.

"Mama yetu alimchukua Lukmani akiwa mchanga, wakimbizi walipoingia. Mamake alifia njiani. Tuliapishwa tusimwambie."

Yaani yeye...!

Nikaita ukoo mzima. Nikamsomea majibu taratibu, na kahawa ikammwagikia kanzu. Nisiwadanganye, nilisikia raha.

"Sasa wewe ukifa, nani atashuka kukupokea?"

Kesho yake alimletea mama funguo za nyumba ya baba, akashindwa hata kumwangalia usoni.

Lukmani amefariki mwezi uliopita. Kaacha mabinti watupu. Makaburini watu wakalizunguka shimo, wote wananitazama mimi. Kila mtu alikuwa anakumbuka.

Nikavua viatu, nikashuka.

"Mleteni."

Nikampokea, nikamlaza vizuri, nikamgeuza kibla.

Nikiwa bado nimeinama nikamwambia kwa sauti ya chini, "Baba mdogo, leo nani atanitoa?"

Watu wanasema nimesamehe. Wapi! Nilitaka mikono ya mwisho kumgusa iwe hii hii aliyoiona haifai kumgusa baba yangu.

Ukitaka kumkana mtoto wa mwenzio, kaulize kwanza wewe uliokotwa wapi.