Msasa Ndani ya Spika

Rafiki yangu seremala haamini mashetani, lakini haya yalimkuta mchana kweupe. Kaka yake alikuwa ameipaka rangi ya geti spika ya mbao ya marehemu baba yao.

"Mshenzi mkubwa, hana hata haya!" seremala alifoka.

Akang'oa vyote vya ndani, likabaki kasha tupu. Akalipiga msasa kwa hasira, akisugua kwa kukatiza nyuzi za mbao badala ya kuzifuata, kosa lililomletea makofi ya baba tangu utotoni. Akasimama kuvuta pumzi.

Kwaru... kwaru... Msasa ukaendelea, polepole, ndani ya kasha.

"Kaka, usinichezee!"

Akatumbukiza mkono kwenye tundu lenye giza. Mbao za ndani zilikuwa laini, zimepigwa msasa kwa kufuata nyuzi, na vumbi lake bado lilikuwa na joto.