Propela ya Mbele

Gari lilizama saa nne asubuhi, katikati ya korongo la mchanga, magurudumu ya nyuma yakizunguka bure na ya mbele yakiwa yametulia tuli. Dereva akavuta gia ya kuvutisha magurudumu yote manne, akakanyaga mafuta. Ya mbele wala hayakutikisika. Akashuka, akaingia uvunguni kwa mgongo, akakaa huko kitambo.

"Shemeji," akaita. "Propela ya mbele haipo." Ndio ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya mbele.

Aliyeitwa shemeji alikuwa afisa ununuzi wa kampuni ya kuchimba visima, na dereva alikuwa amemwoa dada yake. Kazini walimwita Pasi, maana shati lake halikuwahi kuonekana na kunyanzi. Ndiye aliyelichagua gari hilo, na kwao sharti lilikuwa moja: anayechagua gari la porini alale chini yake alikague, kisha aende nalo safari ya kwanza. Pasi alikwenda kwa muuzaji akiwa amevaa suruali ya kijivu, na pale uwanjani palikuwa na oili. Akapiga teke tairi, akasifu rangi, akatia sahihi kwamba amekagua uvungu wote. Basi, ukaguzi wenyewe ndio huo.

Sasa angesema kweli. Mdomo ulikuwa wake. Lakini aliona haya, na haya ikamtungia uongo.

"Itakuwa imedondoka njiani," akasema. "Mimi niliiona kwa macho yangu."

Dereva akatoka uvunguni, akamtazama. "Basi ni pale tulipogonga jiwe. Saa moja kwa miguu. Nikiipata naifunga, tunatoka leo leo." Akachukua chupa moja ya maji, akamwachia dumu. "Wewe kaa kivulini."

"Jua kali, shemeji."

"Tukibaki hapa maji yanaisha kesho."

Akaenda. Mtu mzima na akili zake alikwenda kutafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwepo, na Pasi akamwangalia mpaka akapotea machoni, asimwite.

Saa saba ikapita, saa tisa ikapita. Kivuli cha gari kikahama, Pasi akahama nacho. Maji yalikuwepo, ila hakuyagusa. Dada yake alikuwa amemwambia alfajiri ile, "Niangalizie mume wangu, yule hajui kukataa kazi." Saa kumi akatia dumu begani, akafuata nyayo.

Alimkuta amelala ubavu kati ya mawe, midomo imepasuka, kifundo cha mguu kimevimba. Mchanga pembeni ulikuwa umefukuliwa huku na huku. Alikuwa amechimba kwa mikono, akidhani propela imefukiwa. Pasi akapiga magoti kando ya yale mashimo, akafungua dumu.

"Kunywa kidogo kidogo," akasema, akimshika kichwa. "Shemeji, haikudondoka. Haikuwepo. Sikulala chini kuangalia. Niliogopa kuchafua suruali."

Dereva akanywa, akapumua. "Pale inapofungwa palikuwa na kutu kavu," akasema. "Nilipaona. Nikasema macho yangu ndiyo yamekosea, shemeji hawezi kunitosa."

Heri angemtukana. Pasi akachana shati lake, akafunga kile kifundo, akampakia mgongoni. Wakashika njia ya kuelekea barabarani mpaka giza likaingia, wakalala palepale, na kulipopambazuka akambeba tena. Maji yaliisha kabla hawajafika barabarani. Mafundi wa minara ya simu waliwakuta kando ya njia, mmoja amekaa, mwingine amesimama mbele yake ili amkinge na jua.

"Tumelipita gari lenu," fundi mmoja akasema akiwapa maji. "Gari zuri vile, limezamaje?"

Dereva akawahi kujibu, sauti imekauka. "Propela ya mbele ilidondoka njiani."

Pasi alisikia uso unamwaka. Uongo ule ulikuwa wake, na sasa mwenzake alikuwa anambebea, kwa mguu uleule mbovu.

"Haikudondoka," akasema. "Gari nililichagua mimi, bila kuliangalia. Na huyu nilimwacha akaitafute hivyohivyo juani, huku najua."

Hakuna aliyecheka. Fundi akafungua mlango, wakamlaza dereva kiti cha nyuma. Aligeuzia uso kwenye egemeo la kiti. Njia nzima Pasi alikaa sakafuni, kifua wazi, ameushika ule mguu kwa mikono miwili usigongwe.