Kanibard Haina Watu

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha pembeni cha Hilux. Hawzhin hakupunguza mwendo.

Redio yake ya Motorola ilikoroma, ikamwita kwa jina lake la siri. "Kwale, uko wapi?"

"Barabara ya bondeni. Nina Land Cruiser nyeusi mkiani. Watu wa Shwan."

"Na wanakijiji?"

"Wako mbele. Wamekwenda msibani."

"Wote?"

"Mkuu, wewe ni mtu wa mjini. Kwetu msiba haubakizi mtu."

Alibonyeza kitufe chini ya usukani. Misumari ikamwagika barabarani. Nyuma yake Land Cruiser iliyumba, ikaserereka, ikaingia mtaroni magurudumu juu.

Alibadili gia.

Asubuhi hiyo simu iliingia Kanibard: Haji Mewlan wa ng'ambo ya bonde amefariki. Chai iliachwa vikombeni. Kwa watu wa milima ile, kubaki nyumbani wakati mwenzako anazikwa ni tusi lisilosameheka. Basi vikongwe, wagonjwa na vichanga, wote walipakiwa kwenye mabasi madogo. Kijiji kikaachiwa kuku.

Mhandisi Shwan alitaka hivyo hivyo. Kampuni yake ya kuchonga mawe haijapata kuchonga hata jiwe moja. Alichotaka ni pango lililo katika ardhi ya Kanibard, linalotokea upande wa pili wa mpaka, apitishie bunduki zake. Saa sita mchana ofisa wa wilaya angefika kuhesabu watu. Akikuta patupu, Kanibard ingefutwa, isiwe kijiji tena, na ardhi igeuke pori la kukodishwa. Shwan alikwishaomba kibali. Vijana wake walikuwa barabarani kuhakikisha harudi mtu kabla ya hapo.

Hawzhin, jasusi wa serikali, alikuwa ameinasa simu ya Shwan. Alimsikia akicheka, na kicheko kile kilimchoma, maana Kanibard ndiko alikozaliwa.

Uani kwa Haji Mewlan vilio vilikuwa vimepamba moto. Maiti mwenyewe alisimama mlangoni na bakuli la mtindi mkononi.

"Jamani, nani kawaambia nimekufa?"

"Kumbe koo langu nimelikausha bure!" alifoka Gelawej, shangazi yake Hawzhin.

"Lakini ulilia vizuri, dada. Siku yenyewe usipunguze."

Hawzhin alipanda juu ya boneti, akawaeleza kwa maneno machache: simu ya msiba ilitoka kwa Shwan, na saa sita kijiji kinahesabiwa. Vicheko vikakatika.

Haji Mewlan alikaza mshipi wake. "Aliyeuawa ni mimi. Nipelekeni nikamwone muuaji wangu."

Saa sita, ofisa Rawand alikuwa amegonga kila mlango wa Kanibard.

"Si nilikwambia, Kaka Rawand?" Shwan alipandisha miwani yake ya Ray-Ban. "Walishahamia mjini hawa. Andika tu, twende tukale."

Rawand alitoa kalamu.

Honi!

Hilux ilitokea kwenye kona na mabasi yote nyuma yake. Juu ya Hilux alisimama Haji Mewlan, kilemba kichwani, akimpungia Shwan mkono. Mkono wa Shwan ulishuka kiunoni.

Lakini Hawzhin alikuwa amesharuka kutoka kwenye Hilux, na bastola yake ya Glock ikamgusa Shwan sikioni.

"Taratibu, Mhandisi. Kuna watoto."

Rawand alishusha kalamu. "Sasa hapa wanakaa watu au hawakai?"

Gelawej alikwenda moja kwa moja nyumbani kwake. Alifungua mlango wake, akawasha tanuri. Jirani akawasha lake. Punde moshi ukapanda kila nyumba.

"Kaka, kuna mtu anayewasha moto kwenye nyumba isiyo yake?" alisema Gelawej, mikono kiunoni. "Haya, hesabu! Nasi tunahesabu pamoja nawe, tuone utamruka nani."

Rawand alihesabu nyumba kwa nyumba, na hakuruka mtu. "Na mzee huyu?"

"Huyo achana naye. Ni marehemu," alisema Gelawej.

Motorola ikakoroma. "Kwale, pango liko mikononi mwetu."

Rawand aliandika: Kanibard, kijiji. Kisha akamtazama Hawzhin. "Na binti huyu?"

"Ni wetu," Gelawej alidakia. "Mwandike!"

Hawzhin alitamani kuandikwa. Alitamani sana, lakini jasusi haandikwi.

"Mimi hukuniona, Kaka."

Alimsukuma Shwan ndani ya gari, akachukua mkate wa moto mkononi mwa shangazi, akaondoka bila haraka. Kioo kimoja cha pembeni kilikuwa bado kizima. Aliutazama moshi humo mpaka barabara ilipokata kona.