Mkia wa Farasi wa Balozi

Mambo ya Uajemi wa kale nayajua kama ninavyolijua jiko langu. Na jiko langu, juzi tu nimetia sukari kwenye mchuzi nikidhani chumvi. Basi nisikilizeni kwa hadhari.

Zama za bunduki za gumegume, katika jimbo la Kermani alikaa balozi wa Kizungu, Bwana Pelham, koti lake na vifungo vya shaba hadi kooni. Kila alipoketi kula alisema lilelile: maofisa wa Uajemi ni waongo, hata wakikuamkia.

Asubuhi moja Haidari, mwendesha nyumbu, alikimbilia zizini kwa balozi akivuja damu. Alikuwa amewapitisha waasi njia ya mlimani, na liwali alikitaka kichwa chake. Ada ya nchi ilikuwa hivi: mkimbizi akishika farasi wa mkubwa, na mkubwa akamwita mgeni wake, upanga haumgusi. Balozi alimwona, akamwacha ajifiche, ila ada hiyo hakuijua. Angeijuaje, naye hakuuliza?

Akaja naibu wa liwali, Mirza Nasrullah, jambia kiunoni, askari nyuma yake. Akaketi uani, akapewa chai.

"Janabu Balozi, kuna mtu zizini kwako?"

"Hakuna."

"Mimi mzee, masikio mazito. Huna mgeni?"

"Nimesema sina! Neno langu si kama maneno ya huku."

Askari wakachomoa panga. Mkimbizi asiye mgeni wa mtu ni halali yao. Mirza akawazuia kwa mkono.

"Basi ruhusu farasi wetu wanywe maji humo."

Uongo hauji peke yake, huja na nduguze. "Zizi limefungwa," akasema balozi. "Ufunguo umepotea."

Hapo mlango wa zizi ukafunguka kwa kishindo. Farasi mweupe wa balozi akatoka akirusha mateke, na Haidari nyuma, kaung'ang'ania mkia kwa mikono miwili. Askari mmoja akainua upanga.

"Simama!" Mirza akamngurumia askari. "Janabu, farasi huyu wa nani?"

"Wangu."

"Na huyu anayening'inia?"

Balozi akautazama upanga, akamtazama Haidari. Shingo ikamwiva.

"Mgeni wangu."

Panga zikarudi alani. Mirza akainama, mkono kifuani.

"Alhamdulillahi! Neno hilo ndilo nililolifuata, nirudi kwa liwali bila kichwa cha mtu wala lawama. Ila, Janabu, wewe usiye mwongo kama sisi, mlango wa zizi lako mbona hauna hata tundu la ufunguo?"