Kikohozi cha Upande wa Kwanza

Haya yalimfika rafiki yangu fundi saa, mtu asiyeiamini hata saa aliyoitengeneza mwenyewe. Alikuwa akitafuta santuri ya jazi kama ile ya marehemu baba yake, iliyovunjika siku ya kuhama. Mzee yule, enzi za uhai wake, hakuruhusu mtu mwingine aigeuze.

Toleo la kwanza alilonunua lilikuwa na kikohozi mwishoni mwa upande wa kwanza. Akalirudisha. La pili lilitoka kiwanda kingine kabisa, lakini kikohozi kilikuwa kilekile, tena kimesogea karibu.

“Mnaniuzia mgonjwa!” alimfokea muuza santuri.

Muuzaji akaipiga palepale dukani, wakaisikiliza mpaka mwisho. Hapakusikika kikohozi.

“Kaka, kikohozi unacho wewe masikioni. Haya, chukua toleo la tatu. Nalo likikohoa, lipeleke hospitali.”

Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira, akajifungia stoo isiyo na dirisha, akateremsha sindano kwenye upande wa kwanza. Tarumbeta ikalia safi. Wimbo wa mwisho ulikuwa unakaribia kwisha umeme ulipokatika. Santuri ikapunguza mwendo, tarumbeta ikazama, ikanyamaza.

“Hata leo!” akasonya gizani.

Ndipo mtu akakohoa, hapohapo kando ya bega lake. Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu akiinuka. Kandambili zikaburuzwa hatua mbili tatu. Kisha kimya.

Umeme uliporudi, mlango ulikuwa bado umefungwa kwa ndani. Santuri ikaanza kuzunguka. Ilikuwa upande wa pili.