Ree Mbili Mbele ya Kiti Kitupu

Mgawa karata alizihesabu mara mbili chipu, vile visahani vya kuwekea dau. Chipu za kiti cha sita, kiti kitupu, hazikuwa zimepungua hata moja, ingawa tangu asubuhi alikuwa akizikata kwa mkono wake mwenyewe.

Ndiyo sheria ya mashindano ya poka: aliyejiandikisha hugawiwa karata hata asipofika. Karata zake hutupwa, dau la lazima hukatwa kila mzunguko, hadi chipu zimwishie na kiti kiondolewe. Mwenye kiti cha sita alikuwa amezikwa miezi mitatu nyuma. Mumewe, mpima ardhi, bado alimwandikisha kila Jumapili, apate kukaa mkabala naye hadi alasiri. Wenzake walimwachia. Aliyefiwa haambiwi basi.

Leo alasiri ilifika, na chipu zilikuwa vilevile.

"Shemeji kakataa kutoka," Fundi Saa, mchezaji mwingine pekee aliyebaki mezani, alitania, kisha akajuta. Harufu ya chaki ilikuwa imetanda juu ya meza, na chini yake harufu nyingine, ya shuka za hospitali.

Binti wa mpima ardhi, aliyesimama nyuma ya baba yake, akamwinamia sikioni. "Baba, huyo si Mama. Mganga alikuambia, jini huvaa sura ya anayeliliwa. Wewe ndiye uliyelikaribisha, wewe ndiye wa kulitoa. Chukua chipu zake zote, kwa mkono wako, kwa haki. Mimi sijalala tangu lianze kutufuata nyumbani."

"Nimesikia, mwanangu."

"Umesikia, au umekubali?"

Karata ziligawiwa. Mpima ardhi akainua ncha za zake: ree ya kopa, ree ya shupaza. Hakuna karata mbili za kuanzia zinazozidi hizo. Mkewe, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyemfundisha: ree mbili hazioni haya, pandisha dau, mbele ya mpinzani mmoja hushinda mara nne kati ya tano.

Mgawa karata akanyoosha mkono kutupa karata za kiti cha sita. Hazikubanduka. Akavuta tena, kucha zikakwaruza kitambaa, na hapo chipu zikaanza kugongana zenyewe, tik, tik, polepole, kama alivyozichezea marehemu alipokuwa akifikiri, kisha zikasogea rundo baada ya rundo hadi katikati ya meza, zote, bila mkono wa kuzisukuma, huku kiti kikilia kama kinavyolia mtu anapoegemea, na Fundi Saa akitupa karata zake na kurudi kinyumenyume hadi ukutani, akinong'ona dua asiyoweza kuimaliza.

"Zamu yako, mzee," mgawa karata alisema.

"Fuata dau, Baba. Nakuomba."

Hesabu aliijua. Akifuata, mara nne kati ya tano angeshinda, na kiti kile kingekuwa kiti tu. Kingekunjwa, kiwekwe stoo pamoja na vingine.

Akazisukuma karata zake kwa mgawaji, zikiwa kifudifudi. "Natupa."

Binti yake akaziba mdomo kwa viganja viwili.

Kisha, karibu kabisa na shavu la mpima ardhi, sauti aliyokuwa ameizika ikasema: "Umefanya vizuri, mume wangu."

Mkewe asingesema hivyo katu. Angemgombeza mbele ya watu wote, angemwita mpumbavu, kwa kutupa ree mbili. Alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Akakigeukia kiti kitupu, machozi yakimshuka.

"Sema tena," akanong'ona.